Kigoda Juu ya Jeneza

Anania Mgaya alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia kwa uchangamfu uliopita kiasi, alijiuliza unataka nini kwake. Ukimpita kimya, alijiuliza umemfanyia nini. Mkewe, Matilda, alizoea kusema kwamba hata mvua ikinyesha, mume wake hutaka kwanza kujua nani ameiagiza. Kwa hiyo asubuhi ile mama Kalista alipomrudishia pakiti za chai bila kumtazama usoni, Anania hakushangaa kuona kuna njama. Alishangaa tu kwamba ilikuwa imechelewa.

"Sichukui tena," mama Kalista alisema.

Mama huyu alikuwa na hoteli karibu na stendi ya mabasi ya Iringa, ile ambayo madereva wa malori ya Zambia husimama kula, na tangu wafahamiane hakuwahi kuchemsha chai nyingine isipokuwa Chai ya Kigoda. Anania ndiye aliyemletea siku zote.

"Kuna nini, mama? Imeingia unyevu?"

"Unyevu haina. Inanuka maiti."

Anania akacheka. Mama Kalista hakucheka. Alimvuta kwa mkono wa shati hadi mlangoni akamwonyesha lori lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, likitokea Mbeya. Nyuma walikaa watu wa msiba, wanawake wamejifunga kanga viunoni, na katikati yao jeneza. Upande wa kichwani jeneza lilikuwa limechorwa kigoda cheupe cha miguu mitatu ndani ya duara jekundu.

Wala hakikuwa kigoda cha kufanana tu. Kilikuwa kile kile cha kwenye pakiti aliyoishika mkononi, hadi ule mguu wa katikati uliopinda kidogo, ambao mchoraji wa kwanza aliukosea na kampuni ikaona si neno kuuacha.

"Na hilo si la kwanza kupita hapa," mama Kalista alisema. "Madereva wananiuliza kama siku hizi mnauza na sanda. Mtu akija kunywa chai asubuhi, Anania, hataki kukumbushwa kaburi. Mimi nina watoto wa kulisha."

Anania alirudi barabarani na pakiti zake. Mwingine angeona jeneza tu. Yeye aliona mtu ameingia chumbani kwake akavaa suti yake ya harusi, akatoka nayo kwenda kuzolea samadi. Kile kigoda alikitembeza yeye. Kampuni ilikuwa na kiwanda kidogo tu cha kufungasha chai kule Igowole, na kabla yake hakuna aliyeijua ng'ambo ya Makambako. Ni yeye aliyebeba kopo la rangi na bati lililotobolewa umbo la kigoda, akachora kuta za maduka kuanzia Mafinga hadi Tukuyu. Alikuwa na njia yake ya kazi ambayo hakufundishwa na mtu: alikwenda walikokusanyika watu. Mnadani, kwenye ubatizo, harusini, matangani, alifika, akakaa chini na wenyeji, akatoa pakiti zichemshiwe watu. Wasiojua kusoma walijua picha. Hadi mwaka ule wa sabini na sita, mtu wa Mbeya hakuomba chai dukani. Aliomba Kigoda.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja.

Meneja Magesa alikuwa Msukuma mkubwa wa mwili na mpole wa sauti, na upole ule ulikuwa umemtia Anania wasiwasi tangu siku ya kwanza. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwita wakili wa kampuni, mzee mwenye miwani aliyekuwa na ofisi mtaa wa pili.

"Ninyi mlisajili alama kwa ajili ya chai," wakili alisema. "Jeneza si chai. Huyo fundi atamwambia hakimu, mimi siuzi majani, nauza mbao, tunagombea nini? Na kwa alama ya kawaida angeshinda. Lakini hii yenu imekuwa maarufu. Mtu akiiona popote, hata kwenye jembe, anasema hii ya watu wa Kigoda. Alama ya namna hiyo tunaweza kuizuia hata kwenye bidhaa ambayo ninyi hamuuzi, hasa kama inawaharibia jina. Niletee jeneza moja lililonunuliwa na mtu wenu, na fundi mwenyewe aseme mbele ya watu kwamba alama ile ni yenu."

"Litapatikana," Anania alisema.

"Na neno hili ulishike vizuri. Usiruhusu hata moja. Ukilifumbia macho jeneza moja, watasema mlikubali, na mengine yote yatapita kwenye mlango huo huo."

Wakili alipotoka, Magesa aliinama mezani. "Tukishindwa, Ndugu Anania, wakubwa wanataka kigoda kifutwe. Tutaanza upya na alama nyingine, na watu wengine."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu wa Kigoda," Magesa alisema kwa upole wake ule ule.

Anania alielewa. Unga ulikuwa ukingoni mwa meza, bado kuguswa tu umwagike. Na zaidi ya unga, uchungu ulimpanda: yaani kile kitu alichokichora ukutani kwa mkono wake kwa miaka yote, kije kifutwe kwa sababu ya fundi seremala wa Mbeya!

Njiani ndani ya basi alipanga wabaya wake. Wa kwanza walikuwa wale wa Chai ya Kipepeo, washindani wao, ambao pakiti zao zilikuwa zikidoda madukani. Nani mwingine angefaidi watu wakianza kuiita Kigoda chai ya maiti? Bila shaka wamemhonga fundi. Akafikiria pia watunza ghala wa Igowole, akamfikiria dereva wa kampuni, na basi lilipopita Igawa likiacha mashamba ya Usangu upande wa kulia, akamfikiria hata Magesa. Kwa nini hakupandisha sauti hata kidogo?

Mbeya alishuka kwenye baridi. Alipouliza wapi panatengenezwa majeneza yenye kigoda, kila mtu alimjibu: kwa fundi Jailos, Mwanjelwa, nyuma ya soko. Walijibu upesi, tena kwa heshima. Anania aliona hapo pana jambo. Mtu mwenye kosa haheshimiwi hivyo na mji mzima, ila kama mji mzima umo kwenye njama.

Aliamua asijitambulishe. Angejifanya mfiwa, anunue jeneza, amchokonoe fundi maneno, kisha aite mashahidi. Kwenye hoteli alikokunywa uji alidokezwa kwamba kwa Jailos huendi mikono mitupu: wafiwa hukata mwanzi urefu wa marehemu, wakaupeleka kwa fundi, naye hupimia huo. Bila mwanzi hapigi hata msumari mmoja. Haya, alisema Anania moyoni, mwanzi si kazi. Aliteremka bondeni akakata mmoja mrefu. Maiti ya kupima hakuwa nayo, basi akatumia alichokuwa nacho. Aliusimamisha mwanzi kwenye kisigino chake, akaweka kisu usawa wa utosi, akakata. Alijiona mjanja kweli kweli.

Karakana ya Jailos ilikuwa banda la mabati lenye harufu ya msonobari. Majeneza yalipangwa ukutani, mengine matupu, mengine na kigoda. Ndani kabisa mtu alikuwa akipasua mbao kwa msumeno. Aliyempokea Anania alikuwa mke wa fundi, Tupokigwe, mwanamke wa makamo mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi.

"Ugonile, baba."

"Ndaga," alijibu Anania. Kinyakyusa chake kiliishia hapo.

"Poleni sana. Ni nani amefariki?"

"Mjomba wangu."

"Wa wapi?"

"Wa Uyole."

Tupokigwe alitazama nyuma ya Anania, barabarani, kama anayengoja wengine wafike. Barabarani hapakuwa na mtu. "Wenzio wako wapi?"

"Wamebaki nyumbani kupokea watu."

"Wote?"

"Wote." Anania alianza kuona mama huyu anauliza mno. Mwenye biashara halali huuliza mbao gani, si wenzio wako wapi. "Mimi nataka lile lenye kigoda," akasema.

"Kwa nini lenye kigoda?"

"Nasikia ndilo zuri. Nasikia linatoka kwa kampuni ya chai."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

Wakatazamana. Sijui kama Mwanjelwa siku ile palikuwa na watu wawili wengine walioaminiana kidogo kuliko hao. Anania aliona mwanamke anayeficha. Tupokigwe aliona mwanamume aliyekuja kununua jeneza peke yake, hana hata jirani wa kumsindikiza, macho makavu, na anachagua nakshi kabla ya kuuliza mbao. Kisha akauona mwanzi. Anania alikuwa ameuegemeza ukutani, wima.

Tupokigwe aliuchukua haraka akaulaza chini, kwa sababu mwanzi wa msiba haujawahi kusimamishwa na mtu yeyote mwenye akili zake. Alipoulaza akaupima kwa macho. Akampima na mgeni. Akauokota tena.

"Hebu simama vizuri, baba," alisema kwa sauti ya upole. "Nikupanguse vumbi hapo begani."

Anania akajinyoosha. Tupokigwe akausimamisha mwanzi mgongoni mwake. Ulianzia kisiginoni, ukaishia utosini, haukuzidi wala kupungua.

"Jailos!" alipiga kelele. "We Jailos! Njoo uone. Huyu amejipima mwenyewe!"

Msumeno ukanyamaza. Jailos akatokea, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni, akautazama mwanzi, akamtazama mgeni, na penseli ikamwanguka. Kumpima mtu aliye hai, huku kwao, halikuwa jambo la mzaha. Anayekata mwanzi wa mtu anayepumua ni mchawi anayemwitia mwenzake kifo, au ni mtu aliyekwishaamua kujiua na anataka aache mambo yake yamekamilika. Kwa kuwa mwanzi ulikuwa wake mwenyewe, waliona ni hilo la pili. Tupokigwe alianza kukusanya kamba zote zilizokuwa karibu, kisha patasi, kisha shoka, akavitupa nyuma ya rundo la mbao huku akiongea na mgeni kama anavyobembelezwa mgonjwa.

"Kaa hapa, baba. Kaa tu. Mke wako anajua umekuja huku?"

"Mke wangu anahusiana nini na jeneza?" Anania alifoka.

"Basi, basi. Usikasirike. Una watoto?"

Majirani wakajaa mlangoni. Akaja pia balozi wa nyumba kumi, mzee Asukile, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Balozi hakubembeleza.

"Ndugu, wewe ni nani, umetumwa na nani, na unataka kumzika nani?"

Anania alitafuta uongo mwingine akakuta hana. Mjomba wa Uyole alikuwa amemaliza kazi yake. Kijana mmoja pale nje alikwisha kusema apelekwe polisi, na mwingine akasema hospitali. Kuonekana mwizi angevumilia, lakini kuonekana mwendawazimu mbele ya watu waliomwibia alama yake, hapana. Alifungua begi akamwaga pakiti za chai juu ya benchi la fundi.

"Mimi sitaki kufa!" alisema. "Mimi ni mtu wa Chai ya Kigoda. Nimekuja kuwakamata!"

Alitegemea fundi akimbie, au aanze kutetemeka. Badala yake mama mmoja mzee alijipenyeza katikati ya watu, akamshika Anania mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ndiye," alisema. "Jamani, ndiye huyu! Alikuja kwenye msiba wa mume wangu. Alikaa chini pale pale na sisi."

"Kweli, ndiye," mwingine akasema. "Amenenepa tu."

Jailos alikuja karibu. Uso wake ulikuwa umefunguka, na Anania, aliyekuwa akitafuta woga pale, akakuta furaha. "Kumbe ni wewe," fundi alisema. "Sisi tulikuwa tunakungoja wewe."

"Nani anakulipa kuchora kigoda changu? Sema mbele ya balozi. Ni wa Kipepeo?"

"Kipepeo gani?"

"Usijifanye hujui."

"Baba, rangi hii nanunua mwenyewe," Jailos alisema. "Wewe hukumbuki? Ulikuja kwa mzee Lutengano alipofariki, yule mchungaji. Tulikuwa hatukujui. Ukasema, kampuni ya Kigoda inawapa pole, ukatoa chai ya watu wote. Watu wakasema, mzee huyu kumbe alikuwa mkubwa, hata kampuni ya mbali imesikia. Kisha ukaja kwenye msiba mwingine, na mwingine. Ikawa msiba ukitokea, watu wanauliza, Kigoda kimefika? Halafu kuna wengine walikufa, wewe hukuja."

"Mvua," Anania alisema bila kutaka. "Barabara haikupitika."

"Ndiyo, mvua. Lakini wenye msiba waliona aibu. Wakasema, wa kwetu yeye hakuwa mtu? Ndipo mama mmoja akaniletea pakiti tupu. Akasema, fundi, nichoree hiki hapa kichwani, watu wasione kwamba mwanangu hakujaliwa. Nikachora. Kesho yake akaja mwingine. Sasa mtu akiletewa jeneza bila kigoda, anauliza amemkosea nani. Aliyekileta kigoda msibani ni wewe, baba. Mimi nimekiweka kwenye mbao tu."

Anania alimtazama machoni, akitafuta pale ambapo uongo hujificha kwa watu wengine, kwenye kope, kwenye pembe za mdomo. Hakuuona. Jambo hili lilimuudhi kuliko kama angeuona. Wa Kipepeo angewaweza, angewaburuta mahakamani na kurudi Iringa akiwa shujaa. Sasa atamburuta nani? Alihisi aibu ikimpanda shingoni, na kwa kuwa aibu hakuizoea, aliigeuza ukali.

"Sawa, lakini nisikilizeni," alisema. "Kule Iringa watu wameacha kunywa. Wanasema ni chai ya maiti. Kigoda kina mwenyewe, kimesajiliwa serikalini. Kikiendelea kukaa kwenye majeneza, kampuni itakifuta, na mimi nitafukuzwa. Sijui kama mnaelewa. Nitarudi kulima!"

Walielewa. Hata walisikitika, walitikisa vichwa. Balozi Asukile alifikiri kidogo, kisha akamgeukia fundi.

"Jailos, alama hii unajua ni ya nani?"

"Ni ya hawa wa chai. Kila mtu anajua."

"Basi kama ina mwenyewe, na mwenyewe amekuja akasema hataki, tumwachie. Usichore tena."

"Kuanzia leo sichori," Jailos alisema. Akachukua brashi yake, akaifuta kwenye tambara mbele ya watu wote, akafunika kopo la rangi nyekundu.

Ilikuwa rahisi hivyo. Maneno ambayo wakili aliyataka yalikuwa yametamkwa hadharani, na hapakuhitajika kesi wala hakimu. Anania alipaswa kufurahi. Lakini mambo yakienda rahisi yeye huanza kuhesabu milango, akitafuta mtego utaingilia upi, na kweli, kabla hajakusanya pakiti zake, watu waliokuwa mlangoni walipisha njia.

Aliingia mama aliyefunika kichwa kwa kanga nyeusi, akifuatana na shemeji zake na kundi la wanawake. Aliitwa Damari. Walikuja kuchukua jeneza la binti yake, Rozalia, aliyefariki juzi kwa homa. Lilikuwa tayari, limeegemea mlango wa nyuma, na kigoda chake kimekauka vizuri upande wa kichwani.

Jailos alimsogelea Anania akasema kwa sauti ya chini. "Hili niliagizwa kabla hujafika. Liache lipite. Ni hili tu."

Watu wote walimtazama Anania. Balozi naye alimtazama. Ni hili tu! Maneno ya wakili yakamrudia masikioni: ukilifumbia macho moja. Na ile tabia yake ya zamani ikaamka. Kwa nini waje sasa hivi? Kwa nini balozi yuko hapa, na majirani wote, mashahidi tele? Labda fundi si mjinga kama anavyojifanya. Labda kesho atasema, mtu wa Kigoda mwenyewe aliliona likitoka, hakusema neno. Na kigoda kitafutwa kwenye kuta zote, na kazi ya maisha yake itakuwa imekwisha kwa sababu alilegea mbele ya mama mmoja.

"Haiwezekani," alisema. "Kifutwe."

"Mimi siwezi," Jailos alisema. "Mkono wangu hautaki. Randa hiyo hapo."

Anania alishika randa. Walililaza jeneza kwenye benchi, naye akaanza. Hakuwa seremala, mara ya kwanza randa iliruka, mara ya pili ikauma sana. Maranda yalitoka yamejikunja, mekundu na meupe, yakaanguka juu ya viatu vyake. Mguu ule wa katikati, uliopinda, ulikuwa wa mwisho kutoka.

Damari alimwuliza balozi kwa Kinyakyusa, balozi akamjibu kwa maneno machache. Kisha mama huyo akasogea hadi kwenye benchi.

"Baba, Rozalia alikukosea nini?"

"Hakunikosea, mama. Ni sheria."

"Alikuwa anauza chai hapo sokoni. Asubuhi, na maandazi. Chai yako hiyo hiyo. Hakutaka nyingine." Hakuwa analia, alikuwa anataka kuelewa. "Akiwa hai alifaa kushika kigoda chako. Sasa hafai?"

Jibu Anania alikuwa nalo, wakili alikuwa amempa zima, lakini halikuwa jibu ambalo mtu angeweza kumwambia mama wa marehemu akiwa ameshika randa. Akafanya alichozoea kufanya kwenye misiba yote. Alizoa pakiti zilizokuwa kwenye benchi, zote, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Ya watu wa matanga, mama. Kampuni ya Kigoda inawapa pole."

Damari alizitazama. Aliweka kiganja chake juu ya zile pakiti, akazirudisha polepole hadi kifuani mwa Anania.

"Hapana, baba. Zirudishe. Isije ikawa na hizi tumekosea."

Wanaume walibeba jeneza, pale kichwani pana jeraha jeupe la mbao mpya, na wanawake wakawafuata. Karakana ikabaki wazi. Tupokigwe aliokota ule mwanzi, akauvunja gotini vipande vipande, akavitia kwenye moto aliokuwa akichemshia gundi.

"Mwanzi kama huu hauachwi utembee na urefu wa mtu aliye hai," alimwambia Anania. "Nenda salama."

Anania alibaki Mbeya akizunguka madukani, kama kazi yake ilivyomtaka. Kila alikokwenda, habari ilikuwa imemtangulia. Hakuna aliyemtukana. Matusi yangempa nafuu, angejua pa kuanzia. Akifika matangani walimkaribisha, walimpa pa kukaa, walimwuliza habari za Iringa, na pakiti zake zilibaki pale alipoziweka hadi anaondoka nazo. Wanawake walichemsha uji. Alijaribu kujua ni nani aliyewaambia wafanye hivyo, akachunguza, akauliza kwa mzunguko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikosa mtu wa kumshuku.

Barabara ya Tukuyu alimkuta mwenye duka mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, amesimama juu ya kiti anapaka chokaa ukutani. Upande mmoja wa kigoda ulikuwa umekwisha kupotea.

"Unafanya nini, ndugu yangu? Mimi ndiye niliyechora hapo!"

"Ndiyo maana," mwenye duka alisema bila kugeuka. "Nimesikia mnavikusanya. Mimi sitaki kesi."

"Kwako ni sawa! Wewe unauza chai!"

"Nilikuwa nauza." Akachovya brashi. "Sasa watu hawaiombi. Wanasema kile ni kitu cha wenyewe."

Anania alisimama barabarani hadi ukuta ulipokuwa mweupe wote.

Iringa, Meneja Magesa alimpokea pamoja na wakili. Mama Kalista, walimwambia, alikuwa ameanza kuchukua pakiti moja moja, kwa kuwa malori yalipita na majeneza hayana kitu. Wakili alimwuliza kama fundi alikiri mbele ya watu, naye akasema alikiri. Alimwuliza kama kuna jeneza lolote aliloliacha lipite.

"Halikupita hata moja," Anania alisema.

Magesa alisimama akamshika mkono. Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti, kwa furaha. "Kwa hiyo kigoda chetu kiko salama?"

Anania alitazama kalenda ya kampuni iliyotundikwa nyuma ya meneja, duara jekundu na kigoda cheupe katikati.

"Kiko salama, Ndugu Meneja," alisema. "Mbeya hakuna mtu atakayekigusa tena."

"Safi sana," Magesa alisema, akaagiza waletewe chai.